Mvua Iliyobakizwa

Saa mbili asubuhi fundi alikuwa ameshakaa kazini. Amekunja miguu sakafuni, juu ya mto uliobonyea kwa kukaliwa miaka mingi, mbele ya meza isiyofika hata urefu wa goti. Nje, mvua ya Juni ilinyesha juu ya mapaa ya mashariki ya Tokyo, mvua ya msimu wanaouita tsuyu, ambayo haina haraka wala radi. Ndani mlikuwa na sauti moja tu: kisu kinachopita kwenye mbao. Ni sauti ndogo, kama ya mtu anayepasua karatasi polepole katika chumba cha pili. Niliinama kando yake nikatazama. Alikuwa akichonga mvua.

Ubao ulikuwa wa mcheri wa mwituni, mwekundu-kahawia, umepigwa randa hata uking'aa kama kioo cha zamani. Juu yake ilishuka mistari mamia, myembamba, yote ikiinama upande mmoja. Ilikuwa ni picha ya Hiroshige ya mwaka 1857, ile ya watu wanaokimbia mvua ya ghafla juu ya daraja la Shin-Ohashi, mmoja kajifunika mkeka, wengine wamejibana chini ya mwavuli mmoja. Miaka 30 baadaye, mwaka 1887, Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta akiwa Paris, na wengi wa nchi nyingine huijua kupitia nakala hiyo. Ubao wa fundi ulikuwa mpya. Alikuwa akiichonga upya picha ile, mstari kwa mstari, ili ichapwe tena kama ilivyochapwa zamani.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kila mstari wa mvua ni mfuo uliokatwa ndani ya mti. Ni kinyume chake. Wino hushika mahali palipoinuka, kwa hiyo mstari ndio unaosalia, na kila kitu kilicho baina ya mstari na mstari huondolewa. Fundi alikata upande wa kulia wa tone, akakata upande wa kushoto, na kati ya mikato hiyo miwili ukasimama ukuta wa mti mwembamba kuliko ukucha. Kisha akaenda wa pili. Nilihesabu mpaka 20 nikaacha.

Mimi ni mjukuu wa fundi wa nakshi. Babu yangu alichonga milango Lamu tangu ujana wake hadi macho yalipomkataa, kwa patasi na nyundo ya mti, juu ya mbambakofi na mvule. Nilipokuwa na miaka minane alinisimamisha mbele ya mlango mmoja wa mtaani kwetu, akaushika mkono wangu akauweka kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaopokea mbao zote mbili. Nakshi ya mfaa ule ilikuwa mmea unaopanda, na majani yake yalikuja mawilimawili, kulia na kushoto, tangu chini mpaka juu. Pale aliponishikisha palikuwa na jani la tatu, dogo, halina pacha. Akaniambia patasi ilimponyoka siku ile ikaula mti, naye akaligeuza lile jeraha kuwa jani. Mwenye nyumba hakujua. Mafundi wenziwe hawakujua. Akanitaka nisimwambie mtu.

Babu hayupo tena, mlango bado upo. Nadhani jani lile ndilo lililonipeleka Japani. Picha za Kijapani nilizijua kama tunavyozijua wengi, kwenye kalenda na majalada ya madaftari, na kila nilipoliona lile Wimbi Kubwa la Hokusai nilijiuliza swali ambalo hakuna kalenda iliyonijibu: ni nani aliyekaa na kisu akazichonga zile kucha za povu? Hokusai hakuzichonga yeye. Alichora kwa brashi tu, na karatasi aliyochora iliharibiwa palepale kazi ilipoanza.

Nitaeleza karatasi kama hiyo inavyoharibiwa, maana niliona kwa macho yangu siku ya pili.

Mkalimani wangu alikuwa binti aliyesomea Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka. Kiswahili chake kilikuwa kisafi, akiniita dada tangu tulipokutana kituo cha treni, na neno la Kijapani shokunin alilitafsiri bila kusita: fundi. Nililipenda hilo, kwa sababu shokunin, kama fundi wetu, hutajwa kwa heshima bila kuulizwa amesoma wapi. Fundi mwenyewe alinipokea kwa sharti moja, kwamba nisiandike jina lake. Siliandiki.

Mchoro huchorwa kwenye karatasi nyembamba sana. Fundi hupaka ubao uji mzito wa wanga wa mchele, anausawazisha kwa kiganja, kisha huulaza mchoro kifudifudi, uso ukitazama mti. Anasubiri. Halafu huanza kuisugua mgongoni kwa ncha za vidole, taratibu, na karatasi hutoka vumbi jembamba kama ngozi iliyochubuka kwa jua, tabaka baada ya tabaka, mpaka inabaki utando tu, na mistari ya wino inaonekana kwa nyuma, imegeuka kushoto kulia. Anaipaka mafuta ya mbegu za tsubaki, mmea wa ukoo mmoja na chai, na utando ule unakuwa wazi kama maji. Sasa mchoro upo juu ya ubao, umegeuzwa, ili utakapochapwa urudi sawa. Na tangu kisu kinapoingia, mchoro na mti huondoka pamoja. Hii ndiyo sababu michoro ya asili ya picha zilizochapwa ni adimu mno. Picha ilizaliwa kwa kuuawa kwa mchoro wake.

Kisu chenyewe wanakiita hangito. Makali yake yamekatwa mshazari, na mpini ni mfupi. Hakishikwi kama kalamu. Kinashikwa kwa ngumi, kidole gumba kikiwa juu ya kichwa cha mpini, huku kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikikaa karibu na ncha, kikiongoza. Mkono wa kulia una nguvu, wa kushoto una breki. Fundi huvuta kisu kuelekea kwake, na pinda inapokuja anauzungusha ubao pia. Kila mkato unalala kidogo kuukimbia mstari, hivyo mstari unakuwa na shina pana kuliko kichwa chake, kama kuta za mlima. Ukikata wima kabisa, alisema, mstari utasimama leo, utavunjika chini ya mkono wa mchapaji baada ya karatasi kadhaa. Babu angemwelewa bila mkalimani.

Saa nne akaacha kisu akachukua bobari na nyundo ya mti, na chumba kikapata sauti nyingine. Sasa alikuwa akifyeka maeneo mapana, anga na maji, yaliyo mbali na mistari. Nilidhani hii ndiyo sehemu nyepesi. Akaniambia niguse kina. Karibu na mstari ni kifupi tu. Kadiri nafasi inavyopanuka ndivyo alivyozama, kwa sababu karatasi iliyolowana hulegea katikati ya uwazi kama kitanda cha kamba, na ikigusa chini itabeba doa. Anachonga akiwa na uzito wa karatasi kichwani, na mkono wa mtu mwingine, mchapaji, atakayefika kwenye ubao huu yeye akiwa ameshaanza mwingine.

Dirishani palikuwa na tufe la kioo lililojaa maji, mbele ya taa. Mafundi wa zamani walilitumia kuutuliza mwanga, usiwe na vivuli vikali vinavyomdanganya mchongaji kina cha mkato. Fundi anayo taa ya kisasa, lakini kwa nywele hulirudia tufe. Nywele ndizo mtihani wa kazi hii. Mahali zinapoanzia kwenye paji la uso, mistari huingiliana, kila unywele una ncha, na unapokata baina ya nyuzi mbili nyembamba hivyo kisu kina nafasi moja tu ya kupita. Katika karakana za zamani mkuu alichonga kichwa na uso, wanafunzi wakachonga mavazi na mwili. Mwanafunzi alikaa miaka mingi akinoa visu na kufyeka nafasi tupu kabla ya kukabidhiwa hata upindo wa nguo.

Nilimwuliza anafanyaje anapokosea. Hakunijibu kwa maneno. Alisimama, akaenda kwenye rafu zilizojaa mbao zilizochongwa pande mbili ili mti usipotee, akatoa mmoja wa zamani akaniwekea mapajani. Nilitazama nisione kitu. Akaushika upande ili mwanga uuchape kwa ubavu, na hapo ndipo nilipoona kipande cha mraba, si kikubwa kuliko punje ya hindi, ambacho nyuzi zake za mti hazikuendana na nyuzi za jirani. Mstari ulivunjika pale, akakata shimo, akapachika mti mwingine wa mcheri kwa nguvu, akaupiga randa, akauchonga mstari upya kama haukuwahi kuanguka. Kazi hiyo wanaiita ireki. Kwenye picha iliyochapwa haionekani. Kwenye ubao itakaa milele.

Nilifikiria jani la babu, na jinsi mafundi wawili waliokosea walivyochukua njia mbili. Huku kosa linazikwa. Kule liliachwa wazi, likavishwa. Nilitaka kumwambia fundi, nikanyamaza.

Mchana tulikula tambi za soba kwenye kibanda cha jirani, na nilipolipa nilitoa noti ya yeni 1,000. Nyuma yake lipo lile wimbi. Japani iliitoa noti hiyo mpya Julai 2024, na sasa wimbi la Kanagawa linapita mikononi mwa wauza samaki na watoto wa shule. Hokusai aliizindua picha ile mwanzoni mwa miaka ya 1830, alipokuwa na umri wa miaka 70 hivi, katika mfululizo wa mandhari ya mlima Fuji uliotolewa na mchapishaji Nishimuraya Yohachi. Buluu yake ilitoka mbali. Ni rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na Wajapani wakaiita kwa jina la mji huo, bero. Juu kushoto ipo saini ya mchoraji. Jina la mchongaji halipo.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa picha nyingi. Tangu Suzuki Harunobu na wenzake walipoleta picha za rangi nyingi mwaka 1765, kazi iligawanywa kwa watu wanne: mchapishaji anayetoa fedha na kuamua, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Majina yanayosalia ni mawili ya kwanza. Katika miaka ya mwisho ya zama za Edo baadhi ya wachongaji mashuhuri walianza kuruhusiwa muhuri mdogo pembeni mwa picha, na leo anayejua kutafuta huiona mihuri hiyo kwenye picha za Kunisada. Mchapaji aliupata mara chache zaidi. Mimi siwezi kukubali kwamba hilo ni jambo dogo. Tunapokitazama kilele cha povu kikijikunja tunatazama mwendo wa brashi ya Hokusai, ni kweli, lakini kingo zile kali ambazo macho yanazishika ni kingo za kisu. Brashi haina kingo kama zile.

Alasiri moja mvua ilipokatika nilitembea peke yangu mpaka daraja la Shin-Ohashi. Ni daraja la chuma sasa, lina magari, na mto Sumida umejengewa kuta za saruji. Eneo lote hili limewahi kuungua mara mbili katika karne iliyopita, baada ya tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, na tena katika shambulio la mabomu la usiku wa Machi 1945. Moto wa 1923 ndio uliomfilisi Watanabe Shozaburo, mchapishaji aliyekuwa amejitolea kuifufua kazi hii wakati kamera na mashine zilikuwa zimekwisha kuinyang'anya riziki. Mbao zake ziliteketea, na picha zake zikateketea. Mchoraji wake Kawase Hasui alipoteza vitabu vyake vya michoro. Walianza upya. Hasui akafunga mizigo akaenda safari ndefu ya kuchora nchi, na picha zake nyingi za theluji na mvua za usiku ambazo watu wanazipenda leo zilizaliwa baada ya moto ule. Nilisimama darajani nikifikiria mbao za mcheri zikiwaka. Mti uliokaushwa miaka mingi ili usipinde huwaka vizuri sana.

Siku ya nne fundi aliufunga ubao wa mistari kwa kitambaa, pamoja na mbao za rangi, na mimi na binti tukausindikiza mzigo kwa mchapaji, vituo vichache vya treni kutoka pale.

Mchapaji ni mwanamke wa makamo, mikono mipana, mkono wa kulia umejaa zaidi ya wa kushoto. Naye hukaa sakafuni, lakini meza yake inainama: juu upande wake, inashuka kuelekea mbele, ili anaposukuma aweke uzito wa mwili. Karatasi alikuwa amezilowesha tangu jana yake. Ni karatasi za hosho kutoka Echizen, mkoa wa Fukui, zilizotengenezwa kwa magome ya kozo, mti wa ukoo wa mforsadi, na kabla ya kazi hupakwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na shabu ili rangi isisambae. Zinalazwa kwa tabaka, zikifunikwa, unyevu ukaingia polepole kila karatasi sawa na mwenzake. Karatasi iliyolowana hupanuka. Ikikauka katikati ya kazi itanywea, na rangi ya tano haitaiangukia ya kwanza. Katika msimu ule wa tsuyu unyevu ulikuwa rafiki yake, kwani hewa ya chumba ilikuwa kama ya kwetu pwani Aprili. Lakini unyevu ule ule huotesha ukungu, na karatasi zilizobaki jioni alizilaza kwenye friza, kando ya samaki wa nyumbani kwake.

Nilimletea doti ya kanga. Akaikunjua juu ya mkeka, akaupitisha ukucha kando ya pindo, polepole, kama anavyokagua kazi yake, mpaka akasimama mahali ambapo wekundu ulikuwa umevuka mstari mweusi kwa unene wa uzi. "Kento," alisema.

Kento ni alama mbili zinazochongwa kwenye kila ubao, moja ya pembe chini kulia, nyingine ya mstari mfupi chini kushoto. Pembe ya karatasi huingia kwenye ile ya kwanza, ukingo wake ukaegemea ya pili, na hivyo hata karatasi ikipita juu ya mbao 10 tofauti, kila rangi huangukia mahali pake. Katika lugha yao neno hilo limetoka karakana likaenda mitaani. Mtu aliyekisia vibaya husemwa kwamba kento yake imekosea. Mama yule hakuwa akiidharau kanga yangu. Alikuwa ameona kazi ya wenzake, na akaona mahali mkono wao ulipochoka.

Nikamweleza mji, pindo na jina. Nikamwambia pia jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani, kwamba katikati ya karne iliyopita kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu zilichapwa Japani, viwandani, kwa majina ya Kiswahili yaliyopelekwa kutoka kwetu, na kwamba bibi yangu huenda alizivaa. Alinyamaza kidogo. Kisha akataka kujua jina la kanga hii linasemaje. Binti akamsomea: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akacheka, akajisogeza kando, akanipigia mto kwa kiganja. Bega lake linamuuma, alisema. Basi nikae nichape, tuone kama atapona.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemtazama saa nzima. Anapaka ubao wino mweusi wa masizi na tone la uji wa wanga, anausambaza kwa brashi ya manyoya ya farasi. Brashi hizo husuguliwa ncha kwenye ngozi ya papa iliyokaushwa na kugongomewa ubaoni, hadi kila unywele unapasuka na kulainika. Nilipoigusa ngozi ile nilinusa Matondoni, ambako mafuta ya papa, sifa, hupakwa majahazi. Halafu karatasi inalazwa, pembe, ukingo, inaachwa ianguke. Halafu baren.

Ningeweza kuandika makala nzima juu ya baren. Ni kitu cha duara, kinachojaa kiganja, upana wake sentimita 12 au 13. Ndani yake mna kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za gamba la mwanzi, imezungushwa kutoka kitovuni hadi ukingoni kama ukili unavyozungushwa kwenye mkeka wa duara. Nyuma yake ipo sahani ya karatasi nyingi zilizogandishwa pamoja na kupakwa utomvu mgumu wa laki. Yote hufungwa kwa gamba pana la mwanzi, ambalo ncha zake hukutana mgongoni zikawa mpini. Vifundo vidogo vya kamba ile ndivyo vinavyobana karatasi kwenye rangi, maelfu ya nukta za shinikizo ambazo mashine ya kubana bapa haina. Na gamba linapochakaa, mchapaji mwenyewe hulibadili. Kila baada ya karatasi chache huipitisha baren kwenye kitambaa cha mafuta ya tsubaki, tendo la haraka ambalo yeye halifahamu tena, kama mvuvi anavyojipangusa maji usoni.

Rangi haikai juu ya karatasi hizi. Inaingia. Ndiyo maana ukiigeuza picha iliyochapwa vizuri unaiona nyuma yake, mvuke wa picha ile ile. Na anga la Hiroshige, lile lenye weusi wa juu unaofifia mpaka kupotea, halikuchongwa hata kidogo. Ubao pale ni tupu, umesawazishwa. Mchapaji huulowesha kwa kitambaa, anaweka rangi upande mmoja wa brashi tu, anaivuta kwa mlalo, na maji yanaimaliza rangi njiani. Wanaiita bokashi. Hakuna ubao wa kukumbuka alichofanya. Kila karatasi anaianza upya kwa jicho, na karatasi 200, fungu ambalo watu wa kazi hii wamelihesabu kwa pamoja tangu zamani, lazima ziwe na anga moja. Nilipoulinganisha weusi wa karatasi ya 3 na ya 60 sikuona tofauti. Yeye aliiona, akaitoa ya 60, akaitazama dirishani, akairudisha.

Karatasi yangu ilitoka na madoadoa meupe kote kwenye maji ya mto, kwa sababu sikuwa na uzito wa kutosha mkononi na rangi ilikuwa imeanza kukauka nilipokuwa nikihangaika na kento. Madoadoa hayo yana jina: goma, ufuta. Aliyaonyesha kwa kidole, akaniambia wako wachapaji wanaoyatafuta kwa makusudi. Kisha akaniwekea mkono wake juu ya mkono wangu, tukachapa ya pili pamoja, na nikahisi kitu ambacho kutazama hakukunifundisha. Hakusukuma kwa mkono. Alisukuma kwa kiuno.

Siku ya mwisho nilirudi kwa mchongaji kumuaga. Alikuwa na ubao mwingine tayari, bado mweupe kwa karatasi. Nilikuwa nimeamua kutosema lolote kuhusu babu, lakini binti alikwisha kumwambia njiani kwamba ukoo wangu ni wa kazi ya mti, na fundi akaniuliza kama ninayo picha. Nikaitafuta kwenye simu. Ni picha niliyoupiga mlango ule jioni, jua likiwa limelala ubavuni mwa nakshi.

Alifuta mikono kwanza. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole kama mtu asiyezoea. Alianzia chini ya mfaa akapanda nao taratibu, jani na jani, jani na jani. Binti alikuwa akimimina chai. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Akasimama. Akaigeuza simu nione, ukucha wake ukiwa juu ya jani dogo lisilo na pacha.

"Hapa," alisema, na neno hilo moja binti hakulitafsiri, kwa sababu alikuwa amelisema kwa kidole. Kisha akaweka simu mezani, akachukua patasi ya mpini mfupi, akaupeleka mkono wake hewani mara moja, upesi, kutoka juu kulia kwenda chini: namna chuma kinavyoponyoka kinapokutana na fundo la mti. Alinitazama kuuliza kama ndivyo.

Sikuwapo siku ile. Nikamwambia ndivyo.